Nafasi ya Wimbo wa Tisa

2 Machi

Kwa Baba yake Msumari,

Shikamoo, Baba. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, na kile kifua kinachokusumbua vumbi la mbao likizidi kiwe kimetulia. Huku mimi ni mzima wa mwili. Nakula, naenda kazini, narudi. Mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Mimi ndiye niliyekaa nyumba moja na mwanao kwa miaka mitatu. Novemba, siku ya mazishi, nilisimama karibu na geti, nimevaa viatu vya kijani. Sikuwa na vingine, Baba. Nilikuona ukivitazama.

Ndani ya bahasha hii kuna santuri. Ni kazi ya watu wanne, na mwanao ni mmoja wao. Mwenzetu mmoja anapiga filimbi; kazi yake hasa ni kufundisha hesabu, kwa hiyo tunamwita Mwalimu. Mwingine anapiga gitaa na anaoka mikate. Mimi mchana nauza dawa kaunta, jioni napiga fidla kubwa, ile inayosimama sakafuni na kubanwa kwa magoti. Kila mmoja alileta nyimbo zake mezani, lakini nyumba ni ya Msumari. Nasema nyumba kwa sababu albamu yote ni nyumba moja kwa siku moja, toka mlango unapofunguliwa asubuhi mpaka unapofungwa. Nyimbo ni kumi na moja na zinafuatana, msikilizaji asiruke hata mmoja. Filimbi ni mama wa nyumba hiyo. Gitaa ni barabara na majirani. Sauti ya Msumari ni mtoto. Fidla kubwa ni baba.

Sehemu zake zote alizimaliza Oktoba, kabla ya homa. Imebaki sehemu moja ambayo si yake. Wimbo wa tisa unaitwa "Karakana". Vyombo vinapiga kidogo, halafu vinanyamaza kimoja kimoja, inabaki nafasi tupu ya dakika mbili. Kwenye daftari lake ameandika hapo: "Hapa ni pa Baba." Mwishoni mwa nafasi hiyo yeye mwenyewe anasema neno moja, kwa sauti ya mazungumzo tu. Hilo tumelitoa kwenye nakala yako, kwa sababu limening'inia peke yake na hatujui linajibu nini.

Ninachokuomba ni sauti yako ukiimba ule wimbo wako wa kazini, mdomo umefumba, kama alivyokuwa akituambia. Dakika mbili tu. Santuri zinakwenda kuchapwa tarehe thelathini Juni.

Mwanao wa chumba cha pili,
Mpiga fidla


27 Machi

Kwa binti mwenye viatu vya kijani,

Marahaba. Barua imefika na santuri haijavunjika. Mimi nipo, na kifua kipo kama kilivyo.

Kuhusu kuimba, umekosea mtu. Mimi ni fundi wa milango na madirisha. Shuleni nilitolewa kwenye kwaya siku ya kwanza, mwalimu akaniambia nisimame mstari wa nyuma niwe nafungua mdomo tu, nisitoe kitu. Tangu hapo sijabadilika. Wimbo wa kazini sina. Kama mwanangu aliwaambia hivyo, alikuwa anawachekesha. Alikuwa anapenda kuchekesha watu.

Msibani kama sikukusalimia haikuwa kwa ubaya. Viatu vyako niliviona kwa kuwa nilikuwa natazama chini. Jeneza lilikuja kutoka kwenu limefungwa kwa skrubu za bawaba, na moja, upande wa kichwani kushoto, ilikuwa imepinda. Nilitaka kuitoa niweke iliyonyooka, na bisibisi nilikuwa nayo mfukoni. Watu wakaanza kuomba, nikaona haya. Sasa iko chini vile vile, imepinda.

Santuri nimeiweka kwenye droo ya patasi. Sijaisikiliza. Msinisubiri.

Ni mimi,
Fundi, baba wa marehemu


9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Za kazi? Nashukuru kwa kunijibu, sikutegemea.

Huwezi kujua kama unaimba, kwa sababu unaimba ukiwa kwenye randa tu, na randa ina kelele yake. Ndivyo alivyotueleza. Yeye mwenyewe alikuwa nao huo wimbo mdomoni akifua, akitafuta funguo, akisubiri maji ya chai yachemke. Wiki yangu ya kwanza kukaa naye nilidhani kuna friji linaunguruma, kumbe hatuna hata friji. Nikamuuliza, ni wimbo gani huo? Akasema, "Si wimbo, ni Baba."

Sitaki kukubana. Ila naomba usikilize wimbo wa kwanza tu. Ukiona hapana, rudisha kwenye droo.

Mwanao wa chumba cha pili


30 Aprili

Kwa Mpiga fidla,

Salamu nyingi. Habari za duka la dawa, na za wenzako? Mimi sijambo kwa macho ya watu.

Nimesikiliza. Nina jirani hapa karakana, tunamwita Mzee wa Vanishi, yeye anapaka na kung'arisha ninachotengeneza. Ana redio yenye mdomo wa santuri. Nilimwomba niiazime akasema, "Wewe na muziki wapi na wapi?" Nikamwambia ni wa mtoto. Akazima jiko la gundi, akavuta ndoo, akakaa.

Sauti ya kwanza ni mlango. Uliniuma pale pale, kwa sababu ule ni mlango wangu, unalia mara mbili, mfupi halafu mrefu. Mliupata wapi? Mlango wenyewe haulii tena. Wiki aliyoondoka nilibadilisha bawaba, kwa hasira, sikutaka kitu chochote kinililie. Sasa nikitaka kuusikia mlango wa nyumba yangu inabidi niweke santuri yenu.

Kwenye wimbo wa pili nimemwona mwenyewe, siwezi kusema nimesikia. Kuna kile kishindo cha mguu juu ya kreti. Alikuwa na miaka sita, mkono haufiki kwenye meza ya kazi, basi anapanda juu ya kreti la soda kunishikia mwisho wa ubao mrefu nikipasua. Ubao ukimalizika anaruka chini kwa miguu miwili. Sikumbuki kumhadithia mtu. Mama yake alifariki mwaka wa tatu baada ya hapo, na mtoto akaendelea kunishikia mbao hadi alipokwenda chuo cha uuguzi.

Filimbi ya mama yake nimeisikia vizuri. Mwambie Mwalimu asante. Mwambie pia kwamba mama yule alikuwa anacheka baada ya watu kumaliza kucheka, na filimbi yake inafanya hivyo hivyo.

Sasa wa sita. Mtoto anauliza, naweza kurudi? Fidla inapiga uzi mmoja. Anauliza tena, uzi ule ule. Mara ya tatu, ule ule, mpaka kwenye mwisho wa wimbo. Mzee wa Vanishi akaniambia, "Huyo ni wewe." Nikamwambia ninajua.

Alipoacha chuo ili aende kuimba nilimwambia nyumba hii haina mlango wa kurudia. Mimi, fundi milango. Yeye akasema sawa Baba, akachukua begi, akafunga polepole asiupige.

Kuna lingine sijamwambia mtu. Mwaka jana, Agosti, alinitumia kifurushi. Kilikuwa kidogo, kinaingia kiganjani. Nikakigeuza mara mbili tatu, nikaandika juu yake kwa penseli "Kirudi kwa mwenyewe", nikakipeleka posta kwa mguu, na kulikuwa na jua. Miezi mitatu baadaye akarudi yeye.

Nakuomba kwa yule aliyekuzaa, niambie kilikuwa na nini. Na uniambie ukweli, usinipoze. Alikufa akiwa na kinyongo na mimi? Hilo neno moja mlilolitoa ni neno gani? Siwezi kufanya kazi. Kuna mlango wa zahanati umenisubiri wiki ya tatu, nakata mbao fupi.

Baba wa Msumari


12 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Pole. Natamani ningekuwa karibu nikuchemshie hata chai.

Mlango aliupata baada ya kuzunguka nyumba za watu kwa siku nne akigonga, "Samahani, naomba kufungua na kufunga mlango wenu." Wengine walimfukuza. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama mmoja fundi cherehani, akamfungulia mara thelathini, akamwuliza kama ni mzima kichwani.

Kifurushi najua, Baba. Mimi ndiye niliyekipokea kiliporudi, nikasaini, nikakiweka juu ya kitanda chake, kisha nikatoka nje ili asinione nikimwonea huruma. Niliporudi alikuwa anatazama mwandiko wako. Akaniambia, "Penseli bado anachonga kwa kisu, tazama ilivyo nene." Alikata kile kipande cha karatasi akakibandika ukutani, juu ya mto. Bado kipo. Sikukuambia kwa kuwa sikujua kama ulitaka mtu ajue.

Umetaka ukweli. Siku ile hakula. Kesho yake akarudia kuimba wimbo wa sita, ndio huo uliousikia. Kinyongo sijui, Baba. Hospitali, siku ya tano ya homa, alikuwa anasema mambo yasiyoungana, lakini mara moja aliniuliza vizuri kabisa, "Posta inafungwa saa ngapi?" Nikamwambia saa kumi. Akasema basi leo tumechelewa.

Ndani mlikuwa na kinasa sauti na kikaratasi. Kinasa nakutumia ndani ya kifurushi hiki. Kikaratasi nakunakilia kilivyo:

"Baba, usiimbe, usiseme chochote kwa ajili yangu. Washa hiki, weka mezani, fanya kazi kama kawaida. Ukichoka zima, nirudishie. Msumari."

Kwa hiyo huhitaji kujua wimbo. Piga randa tu, utakuja wenyewe.

Neno lile sitakuandikia bado. Sababu niliyokupa mwanzo haikuwa yote; yeye mwenyewe alitukataza lisikufikie kabla ya sauti yako kutufikia sisi. Sijui kwa nini, ila ni agizo lake na sina agizo lake lingine nililobaki nalo.

Nisikufiche, mambo huku si mazuri. Mwalimu anasema wimbo wa tisa uondolewe, msikilizaji atadhani santuri imeharibika. Muoka mikate anakuja mazoezini na unga kwenye nywele, anakaa tu. Wimbo huo ukitoka, nyumba yake itakuwa imekosa chumba, na mimi sitapiga tena. Nimewaambia hivyo na wanajua sitanii.

Mwanao


3 Juni

Mwanangu,

Nimeona kwenye barua umejiita "mwanao" bila ya "wa chumba cha pili". Vizuri. Za hapo? Kohozi limerudi lakini silo ninaloandikia.

Wimbo hauji. Siku kumi na nane sasa nawasha kile kinasa. Taa nyekundu ikiwaka tu, mimi nakuwa kama mtu anayepigwa picha. Napiga randa nasikiliza kama naimba, na nikisikiliza siimbi.

Nikamwuliza Mzee wa Vanishi, miaka ishirini tumekaa ukuta mmoja, hebu niambie, mimi huwa naimba? Akacheka mpaka akaweka brashi chini. Akasema, "Ulikuwa unatuimbia mpaka tunaumwa vichwa. Uliacha kuimba mtoto alipoondoka. Mwezi wa kwanza tulifurahi." Nikamwambia niimbie basi ulivyokuwa. Akajaribu, akashindwa, akasema ni kama harufu ya nyumba ya mtu, unaijua ukiingia, ila huwezi kuieleza. Kisha akasema, "Lakini si huo hapo?" Redio ilikuwa inapiga wimbo wenu wa pili. Akaonyesha kwa brashi. "Hiyo fidla nene. Hiyo ndiyo kelele yako ya kila siku."

Mwanangu, nimeusikiliza huo wimbo mara ishirini na siujui. Kumbe Msumari alikufundisha wewe, na wewe umekuwa ukinipiga mimi nyimbo kumi na moja, na mimi nakaa hapa nasikiliza kama mgeni. Mzee wa Vanishi ananijua. Wewe usiyenijua unanijua. Mwenyewe ndiye nisiyejijua.

Basi nimeamua kujifunza. Naweka wa pili, nafuata fidla nyuma, mdomo nimefumba. Nimejinasa nikajisikiliza. Mzee wa Vanishi anasema nasikika kama mbuzi aliyefungiwa stoo. Lakini mbuzi anafunzwa. Niongezee muda. Waambie wenye kuchapa wasogeze hadi Agosti. Nitaupata, nitalipa kwa usingizi wangu wote, nisipoupata nitakuwa nimekirudisha kile kifurushi mara ya pili.

Usiwaruhusu wautoe. Nakusihi kama mtoto.

Baba


14 Juni

Baba,

Shikamoo, na pole kwa kohozi. Naandika haraka niwahi posta.

Usijifunze. Nakuomba acha leo hii. Nilichopiga mimi ni nakala ya nakala, na wewe ukiiga nakala hiyo hatutabaki na kitu. Tarehe haisogei, nimelia nao na haisogei. Tunakutana tarehe ishirini na tisa kuamua wimbo wa tisa. Washa kile kinasa, kifunike kwa kitambaa usione taa, maliza mlango wa zahanati. Chochote kitakachokuwemo nitumie, hata kama ni vumbi.

Mwanao


22 Juni

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi nimechoka, lakini mlango umekwisha.

Humu ndani kuna ile kadi ndogo ya kinasa, nimeifunga kwa karatasi ya msasa isije ikapotea. Urefu wake ni saa sita na ushee. Nilifanya kama ulivyosema, nikakifunika kwa kitambaa cha kufutia gundi, nikaanza asubuhi. Mzee wa Vanishi hakuwepo, amekwenda kumwona dada yake mgonjwa, kwa hiyo nilikuwa peke yangu na nilifunga upande wa barabarani.

Mlango wa zahanati ni mpana, lazima machela ipite. Mbao zake za pembeni ni ndefu kuliko nilizozoea siku hizi. Mtu mmoja akipasua ubao wa namna hiyo, mwisho wake unainama na msumeno unabanwa. Nikapanga makreti nikaegemeza, likadondoka moja, nikapanga tena. Kazi ya saa moja ikala asubuhi nzima. Baada ya hapo nilisahau kila kitu, nikafanya kazi tu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu Novemba nifanye kazi bila kujiona nikifanya kazi.

Jana nikasikiliza nilichonasa. Nilifika saa ya pili nikaacha. Ni randa, msumeno, kukohoa, na mahali fulani nalitukana kreti. Wimbo haumo. Najua hata mbele haumo. Mtu angekuwa na wimbo ndani angeusikia.

Kwa hiyo sikiliza nikuambie, na usinibishie. Utoeni. Mwalimu ana haki, watu watadhani santuri imeharibika. Usiache kupiga kwa ajili yangu. Alinipa nafasi mara mbili, moja nikairudisha posta, nyingine nimekaa mbele yake siku thelathini mdomo umekauka. Mlango haukatwi mara tatu kwa ubao ule ule. Nyumba yenu iacheni na vyumba kumi, na baba awe ule uzi mmoja wa wimbo wa sita. Ndivyo alivyokuwa.

Vile viatu vya kijani, sikusema vizuri mara ya kwanza. Vilikuwa kitu pekee siku ile chenye rangi. Nilivishika kwa macho nisianguke.

Kinasa nitakaa nacho, kama hutajali.

Baba


1 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeona nisubiri mpaka yote yawe yamekwisha ndipo nikuandikie, ili nisikupe nusu habari.

Kadi ilifika tarehe ishirini na saba. Niliomba ruhusa kazini nikaisikiliza yote, saa sita na dakika ishirini na mbili, kitandani kwake. Ulisema kweli. Wimbo haumo. Nilifika saa ya tatu, saa ya nne, sauti yako hakuna isipokuwa kikohozi na yale matusi ya kreti, nikaanza kutunga maneno ya kuwaambia wenzangu.

Saa ya nne na dakika ya kumi na saba kuna msumeno. Unasikika ubao ni mrefu, kwa sababu sauti inabadilika msumeno ukifika katikati, inakuwa nzito. Halafu msumeno unasimama. Wewe unavuta pumzi. Kisha unasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu asiye na shida yoyote duniani:

"Shika huko, Msumari."

Halafu unaendelea kupasua. Hukusubiri. Hukusita hata kidogo. Nadhani wewe mwenyewe hujui kama ulisema.

Baba, niliweka kichwa chini. Halafu nikanyanyuka nikaenda kwa Mwalimu kwa miguu, sikuweza kusimama kusubiri gari. Alikuwa anasahihisha madaftari. Nikamwekea wimbo wa tisa wenye lile neno la mwisho, kisha nikamwekea wewe. Akavua miwani. Akasema, "Tumekuwa wajinga."

Sisi ni wapiga muziki, Baba. Tulipoona nafasi kwenye wimbo tukadhani lazima paingie wimbo. Tukakusumbua wewe miezi minne uimbe, ukajifunza kama mbuzi stoo, na mwanao alikuwa ameandika waziwazi kwenye kikaratasi, usiimbe. Alikuwa anangoja ufanye kazi tu. Alijua kwamba ukifanya kazi kwa muda wa kutosha utafika kwenye ubao mrefu, na ukifika hapo utasema unachosema siku zote kwa yeyote aliyeko upande wa pili. Agosti, alipokutumia kinasa, huyo wa upande wa pili angeweza kuwa mtu yeyote. Kwenye wimbo yeye angejibu tu, kana kwamba umemwambia yeye.

Neno lake ni "Nimeshika."

Limeingia. Tarehe ishirini na tisa hapakuwa na mabishano. Muoka mikate alilia akasema ni unga. Tumeweka dakika mbili za kazi yako bila kupunguza, msumeno, pumzi, maneno yako matatu, na mwishoni yeye. Tulipima, Baba. Kutoka neno lako la mwisho hadi lake ni muda wa mtu kupanda juu ya kreti.

Santuri yako inakuja kwa barua yake.

Mwanao


2 Agosti

Mwanangu,

Za siku? Mwalimu hajambo, na muoka mikate? Kwangu kohozi limepungua, na mlango wa zahanati umeshawekwa mahali pake, machela inapita bila kugusa.

Santuri imefika wiki mbili zilizopita. Nisamehe kuchelewa.

Sikumbuki kusema hivyo. Nimejaribu, sikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba ubao ule wa mwisho ulikatika vizuri.

Kila siku naweka santuri toka mwanzo, sijaruka hata mmoja, kama ulivyosema. Mlango, kreti, mama yake, ule wa sita navumilia. Nafika wa nane. Ukiisha nanyosha mkono nazima, narudi kwenye randa. Jana Mzee wa Vanishi akaniuliza, "Sasa unaogopa nini, si umeshaambiwa neno lenyewe?" Nikamwambia nimeambiwa na wewe, mwanangu, kwa barua. Yeye bado hajaniambia. Nikishausikia huo wimbo atakuwa ameshanijibu, na nitakuwa sina tena kitu cha kungoja kutoka kwake. Mzee akasema, "Basi atashika mpaka lini? Mikono itamuuma."

Nimekaa na hilo tangu jana.

Kuna kazi imeingia, milango miwili mipana ya stoo. Kesho asubuhi napasua mbao za pembeni, ni ndefu. Nimemwambia Mzee asinisaidie. Redio nimeshaitoa kwenye rafu nimeiweka upande ule mwingine wa meza, juu ya kreti.

Baba yako